Kipandauso cha Bhoke

Mlipoanza kunisumbua niandike, wakunga wenzangu, nilijua mnataka nini. Mnataka nieleze nilivyopanda vyeo, nani alinipandisha na nani alinibania. Hayo mtayapata masjala, mkiwa na subira na barakoa ya vumbi. Mimi nimestaafu, nakaa Turwa, hapa Tarime, nyuma ya nyumba nina migomba na mihogo, na ninapopalilia yananirudia mambo mengine kabisa. Mara nyingi zaidi vinanirudia vichwa. Vichwa vya wanawake wanaonyonyesha.

Mtashangaa. Mkunga mzima, kwa nini asikumbuke damu, mapacha waliofungana mikono, kondo lililogoma kutoka? Nayakumbuka. Lakini damu kila mtu anaiona na kila mtu anakimbia. Maumivu ya kichwa hayaonekani. Mama anakaa kwenye benchi, mtoto yuko kwenye titi, anakuambia kwa sauti ya chini, "Sista, kichwa kinanigonga," na wewe una foleni mpaka kwenye ngazi. Unampa vidonge viwili, anakushukuru, anaondoka. Kwenye karatasi, umemhudumia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja wilaya ya Serengeti, mbele ya Mugumu, mahali ambapo basi lilitushusha njia panda na kugeuza. Sanduku langu la bati lilipanda baiskeli ya mtu, mimi nikafuata kwa miguu. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, tangi la maji lililopasuka, na Sista Sabina.

Sista Sabina alikuwa Mnata, mwenyeji wa Nata, mrefu, mkunga wa zamani aliyekaribia kustaafu, na hakuwa na haraka na kitu chochote. Siku ya kwanza hakunionyesha dawa ziko wapi. Alinipa aproni, akanipa mashine ya kupimia presha, akanipa kigoda. Mpira wa mashine ulikuwa umezibwa kwa kiraka cha baiskeli, na jioni alikuwa anaondoka nayo nyumbani, kwa sababu panya wa pale walipenda mpira kuliko mahindi.

"Kigoda ni cha kukaa," aliniambia. "Ukimsimamia mama, anakujibu haraka ili akuondolee usumbufu. Ukikaa, anakuambia ukweli."

Nilidhani ni maneno ya mtu mzima aliyechoka miguu. Pengine yalikuwa hayo pia.

Bhoke alikuja mwaka wangu wa kwanza pale, msimu ambao tembo walikuwa wanatoka hifadhini kuingia kwenye mashamba, na kijiji kizima kilikuwa hakilali kwa kupiga madebe kuwafukuza. Alikuwa msichana mwembamba, mtoto wake wa pili bado mchanga, na alikuwa amefunika jicho la kulia kwa pindo la kanga. Kwenye paji la uso palikuwa na chale mbichi, bado zina unga mweusi wa dawa. Aliyemleta alikuwa mama mkwe wake, na aliyezungumza alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Huyu kichwa chake kimeingia kwenye maziwa. Mtoto halali, analia tu. Tunataka tumwachishe, apewe maziwa ya ng'ombe. Nimekuja ili msije mkasema hatukuwaambia."

Sista Sabina hakubishana. Alivuta kigoda, akamfunga Bhoke mashine mkononi, akasikiliza, akafungua, akafunga tena kwenye mkono wa pili. Presha ilikuwa nzuri. Akamtazama miguu, akambonyeza kwenye muundi. Hakuna uvimbe. Hakuwa na homa, na shingo iligeuka vizuri. Ndipo akaanza kuuliza, na hakuuliza kichwa kinauma wapi. Aliuliza, "Umelala lini, mwanangu?"

Bhoke alifikiri, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu aliyehama zamani.

Yakatoka polepole. Maumivu hayo alikuwa nayo tangu usichana. Yalikuja upande mmoja, yanapiga kama moyo umehamia kwenye kipaji, na kabla hayajaanza aliona vimulimuli mbele ya macho. Akishaviona alijua kinachokuja. Alichukia mwanga, alichukia sauti, alitapika, na akipata kulala kizani yaliondoka. Wakati wa mimba yalimpumzisha. Baada ya kujifungua yakarudi kwa hasira, karibu kila wiki. Aliamka kabla ya jua, akaenda mtoni na ndoo kichwani, akarudi, akaenda palizi, akapika kwenye jiko la moshi lenye paa la kuinama. Chakula chake cha kwanza kilikuwa mchana. Maji ya kunywa alikunywa akikumbuka. Na alinyonyesha ameinama juu ya mtoto mpaka shingo ikakakamaa.

"Hiki ni kipandauso," Sista Sabina alisema. "Hakiingii kwenye maziwa. Mtoto analia kwa sababu ni mtoto."

"Sasa dawa yake?" aliuliza mama mkwe.

"Mume wake yuko wapi?"

Mume, jina lake Marwa, alikuwa nje ya uzio, ameegemea baiskeli. Hakutaka kuingia mahali pa wanawake. Sista Sabina alitoka mpaka mlangoni, akamwita kwa sauti iliyosikika na foleni nzima.

"Mura, kijana wangu, ingia! Hakuna atakayekuzalisha."

Benchi lilicheka. Marwa akaingia akitazama sakafu.

Nawaandikia alichowaambia Sista Sabina kama nilivyokishika, kwa sababu ndicho nilichokuja kuwaambia wengine miaka yote. Alisema Bhoke asikae na njaa: anywe uji wa ulezi asubuhi kabla ya kazi yoyote, hata kama ni uji wa jana uliopashwa moto. Kila anapomweka mtoto kwenye titi, awe na kikombe cha maji pembeni, anywe mtoto anaponyonya, maana maziwa yanatoka kwenye maji yake yeye. Anyonyeshe amelala ubavu, au amweke mtoto juu ya kanga zilizokunjwa, mtoto apande kwake, si yeye amwinamie. Jikoni atoke, apikie nje mvua isiponyesha. Mtoto akilala mchana, naye alale. Akiona vile vimulimuli, asisubiri: chumba chenye giza, kitambaa cha maji baridi kwenye paji na kisogoni, miguu kwenye karai la maji ya vuguvugu, na mtu wa kumshika mtoto. Kichefuchefu kikizidi, tangawizi kidogo kwenye maji moto. Vikishindikana, panado haina neno kwa anayenyonyesha, lakini zile dawa za kichwa za dukani zisizojulikana asimeze. Chale zisirudiwe.

"Na ndoo kichwani basi," alimalizia. "Shingo hiyo imebeba vya kutosha."

Marwa akainua uso. "Nani atachota?"

"Wewe."

"Watu watasema nini wakiniona na ndoo?"

"Watasema, Marwa ana ndoo."

Mwisho, wakiwa bado wamekaa, aliwaambia jambo moja zaidi, na akanitaka nilirudie kwa Kikurya ili lisipotee njiani. Kikija kichwa ambacho si hiki alichokizoea, au hiki kikikataa kuondoka akilala, au uso na miguu vikivimba, wasikae na kitambaa. Waje.

Marwa hakubeba ndoo. Alifunga madumu mawili kwenye baiskeli, kwa sababu dumu kwenye baiskeli ni biashara na ndoo kichwani ni aibu. Lakini maji yalifika nyumbani. Alitoboa ukuta wa jiko ili moshi utoke. Alitundika gunia kwenye dirisha la chumba chao, la kushusha Bhoke anapoona vimulimuli. Alipokuja kupima uzito wa mtoto, Bhoke aliniambia kichwa kinakuja mara moja moja tu, na kikija Marwa ndiye anayeloanisha kitambaa.

"Anakikamua vibaya," alisema akicheka. "Maji yote yananiingia masikioni."

Mama mkwe alisema ni chale zake zilizofanya kazi. Tulimwachia.

Msidhani wote walikuwa Bhoke. Dawa ile haikuwa ghali, lakini ilitaka kitu ambacho wanawake wengi hawakuwa nacho, nacho ni mtu mwingine nyumbani anayekubali kusumbuka. Niliwaambia, waliitikia, wakarudi kwenye ndoo ileile na moshi uleule. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Shinyanga, mume wake alikuwa mchimbaji wa dhahabu aliyeondoka kwenda kufuata mashimo mapya. Nilipomwambia apumzike aliuliza kama ninamaanisha mwaka huu. Mwingine ukoo ulimwachisha mtoto kwa nguvu kwa sababu ya kichwa. Maziwa ya ng'ombe yalichanganywa na maji ya lambo, na kabla ya mvua kurudi mtoto alikuwa ameharisha mpaka akaisha. Mama yule kichwa kiliendelea kumuuma. Nilimwona msibani ameshika titi lililojaa, hana wa kumpa.

Sista Sabina alistaafu, akarudi Nata. Mimi nilihamishiwa Tarime, wodi ya wazazi, ambako wengi wenu mlinikuta. Huko kila kitu kilikuwa kikubwa zaidi, pamoja na foleni.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Ilikuwa asubuhi, tumemaliza kukabidhiana zamu. Probox iliingia getini ikipiga honi, kiti cha nyuma kimelazwa, na juu yake mwanamke anatikisika mwili mzima, povu mdomoni, ulimi umeumwa. Mwanamume aliyekuwa amemshika kichwa alikuwa amevaa koti la wapakia mizigo wa Sirari, kule mpakani, lenye mistari inayong'aa. Mwanamke mwingine, jirani, alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Tulimshusha, tukamlaza ubavu, tukasafisha njia ya hewa, mwenzangu akachoma magnesiamu ya kuzuia degedege nami nikafunga mashine. Namba niliyoiona sikuiamini, nikapima tena. Uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba sikumtambua. Nilimtambua mume.

"Sista," Marwa alisema. "Ni wewe. Mungu mkubwa. Ni wewe."

Alifarijika. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo: kwamba aliniona akafarijika.

Nilimtoa kwenye korido wakati daktari anaendelea, nikamkalisha, nikamuuliza. Walikuwa wamehamia Sirari baada ya shamba kuliwa na tembo misimu miwili mfululizo. Yeye alipata kazi ya kupakia na kushusha malori yanayovuka kwenda Isebania, upande wa Kenya. Walipanga chumba kimoja. Bhoke alijifungua salama mtoto wa nne, presha ilipimwa, ikawa sawa, wakaruhusiwa. Kwa siku kadhaa alikuwa mzima, anapika, anacheka. Kisha kichwa kikaanza.

"Akaniambia, baba, vimulimuli vimekuja. Nikajua. Nikafunga dirisha. Nikampa maji kila akinyonyesha. Nilimpikia uji mimi mwenyewe. Kitambaa nilibadilisha, kikipata joto nabadilisha. Sikwenda kazini, sista. Bosi alinitafuta kwa simu, nikazima."

"Alilala?"

"Alilala. Akiamka, bado kipo."

"Kilikuwa upande ule ule?"

"Kesho yake akasema ni kichwa chote. Nikadhani kimekuwa kikali tu, kwa kuwa hatujakiona muda mrefu."

"Miguu?"

"Ndala zilikuwa zinambana. Nikamwambia ni kusimama sana." Kisha akaongeza, sauti ikishuka, "Alisema na hapa panauma," akajishika chini ya mbavu upande wa kulia. "Jirani yetu Mkenya, yule mama mwenye mtoto pale, akasema apelekwe. Alisema, 'Baba Robi, hii si ya kawaida, mpeleke hosi.' Nikamwambia sisi tunakijua hiki kichwa. Tulifundishwa."

Niliweka mkono begani kwake, nikarudi ndani.

Degedege lilirudi mara mbili, kisha likatulia, na kwa muda tulianza kupumua. Presha ilishuka kidogo. Lakini Bhoke hakuamka. Mboni moja ya jicho ilikuwa imepanuka kuliko nyingine, na daktari alipoimulika tochi haikusinyaa. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Tulipiga simu Musoma, tukapiga Mwanza, gari likaandaliwa. Mchana, kabla gari halijatoka, aliacha kuhema. Tulimfanyia kila kinachofanywa. Mikono yangu ilikuwa kifuani kwake, na maziwa yalikuwa yanatoka, yanaloanisha gauni la wodi, kwa sababu nje mtoto alikuwa analia. Huenda mwili ulikuwa unayatoa tu kwa kukandamizwa. Kitaalamu hivyo ndivyo. Mimi nilisikia mtoto analia.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Marwa. Wenzangu, nimewaonya mara nyingi msimtume mtu mwingine kazi hiyo. Alisimama aliponiona, akaniangalia mikono, akaketi tena kabla sijafungua mdomo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilifanya ulivyosema."

"Ulifanya," nilimjibu. "Ulimtunza."

"Kitambaa nilikuwa nakikamua vizuri siku hizi."

Nikaingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango.

Walimzika Serengeti. Dada yake Bhoke, ambaye naye alikuwa ananyonyesha, alimchukua mtoto akampa titi moja na wa kwake titi la pili. Kwenye kikao cha kujadili vifo vya wazazi tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukasema yanayosemwa. Kuchelewa nyumbani. Kutotambua dalili. Ni kweli yote. Mmoja wetu, mwenye elimu nzuri na moyo mzuri, akashauri tuache kuwafundisha kina mama tiba za nyumbani, kwa kuwa zinawachelewesha. Nilikataa. Nilisema ukimnyima mama mwenye kipandauso maji, usingizi na giza, unambakizia chale na maziwa ya lambo, na huko nako nimezika. Kosa si kitambaa. Kosa ni kitambaa kuja kabla ya mashine. Mama yeyote aliyejifungua hivi karibuni akisema kichwa, pima presha kwanza, hata kama ana kipandauso tangu enzi za shule, hata kama yeye mwenyewe anakuapia kuwa anakijua. Hasa huyo. Magonjwa yale mawili, kipandauso na kifafa cha mimba, yanavaa nguo moja. Yote yanaleta vimulimuli, yote yanaleta kutapika. Moja linaondoka kwa usingizi na jingine linafanya kazi yake wakati mama amelala.

Walionizoea walidhani nimekuwa mkali uzeeni. Mwanafunzi aliyempa mama panado bila kupima alinijua siku hiyo. Sikuomba radhi, na siombi sasa.

Marwa alirudi siku ya chanjo. Alikuja na shemeji yake, lakini mtoto alimbeba yeye, kwenye mgongo, amefungwa kanga, mwanamume peke yake kwenye benchi lililojaa wanawake. Hakuwa anatazama sakafu. Mtoto alikuwa amenona. Baada ya sindano alimwachia shemeji amnyonyeshe, akanifuata kwenye chumba cha kupimia.

"Sista, nina swali. Usinijibu kama nesi."

"Uliza."

"Kama ningemleta siku ile ya kwanza. Siku ya vimulimuli. Angepona?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa. Nimewahi kuyatoa kwa watu wengi, na wengine walihitaji. Kwamba hakuna ajuaye. Kwamba saa yake ilikuwa imefika. Yeye alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, anasubiri kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, na niliona kwamba nikimdanganya atajua, na hatamwamini mtu mwenye aproni tena maishani.

"Huenda angepona," nilisema. "Wengi wanaowahi wanapona."

Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, na uso wake haukubadilika.

"Ahsante," alisema. "Wengine wote waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa nashindwa kulala kwa sababu ya hilo."

Nilidhani amemaliza. Nikanyoosha mkono kumuaga, lakini hakuushika. Alichungulia nje, akahakikisha shemeji yake hasikii asije akaogopa, akafunga mlango.

"Mke wa mdogo wangu ana mimba kubwa," alisema. "Wanakaa kwangu sasa. Na jana amesema kichwa kinamuuma."

Nilichukua mashine mezani, nikamwambia aende akamlete.